Makopo Mawili ya Anjelo

Vijana wa Lionja mnaokuja kuniuliza habari za chambo, nimechoka. Sisemi kwa ubaya. Nimechoka magoti, nimechoka macho, na swali lenyewe limenichosha zaidi, maana mnaliuliza kana kwamba jibu linauzwa dukani. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake samaki wa plastiki wenye macho mekundu na mgongo wa rangi ya ndimu, wanaouzwa Dar es Salaam. Akaniuliza, "Babu, huyu anafaa?" Nikamwambia anafaa sana kuvulia vijana.

Basi nitaandika ninayoyakumbuka, bila mpangilio, kwa sababu kazi ya mtoni haikunijia kwa mpangilio. Katikati yake kuna jambo moja ambalo sijapata kulisema hapa kijijini. Mtu aliyenifundisha kazi hii alifukuzwa Lionja kwa kosa lililokuwa langu. Nalitaja mapema ili msije mkanisifu njiani.

Miaka ya arobaini ilikuwa inaelekea kuisha, na Nachingwea yote ilikuwa mradi wa karanga wa Waingereza. Matrekta yalikuwa yaking'oa miti, na mimi nilikuwa kambini nikiviringisha mapipa ya dizeli. Siku moja ya mapumziko nilishuka hadi Mbwemkuru, kwenye lile bwawa kubwa ambalo mto huliacha nyuma kiangazi maji yanapokatika. Hapo nikamkuta Anjelo. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye nembo za chale mashavuni, aliyekuja kufyeka pori kwa ajili ya karanga hizo hizo hadi vumbi likamharibu kifua. Alipoacha kazi alimwomba jumbe wetu ruhusa ya kujenga kibanda karibu na bwawa, akapewa. Alivua kwa ndoano, akauza samaki kijijini na kambini.

Nilimwona akivuta kambale mrefu kama mkono wangu kwa kipande cha bati tu, hapana nyungunyungu wala nyama. Mwezi ule ule nikaacha mapipa.

Nilimwita mjomba. Ninyi siku hizi mnamwita mjomba hata kondakta wa basi, lakini kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Mtoto akikosa anaulizwa mjomba, na akioa mjomba ndiye anayeketi mbele. Nilimpa Anjelo jina hilo nikiwa na miaka ishirini hivi na akili zangu timamu. Yeye akaniita mpwa wangu, na hakulitamka kwa mzaha.

Siku saba za kwanza sikupata hata perege wa kukaanga. Tuliketi bega kwa bega, chambo kile kile, mshipi ule ule wa katani. Yeye anavuta, mimi nasubiri. Siku ya nane alinishika mkono, akaunusa, akauachia.

"Mpwa wangu, samaki hawa wananjua ntu wa dizeli," akasema. "Hata ningekuwa mimi, nisingekula kwa nkono huu."

Akaniketisha ukingoni nikiwa nimezamisha mikono kwenye tope hadi jua la utosi. Wanawake waliokuja kuchota maji waliuliza ninatafuta nini, naye akawajibu kwa niaba yangu kwamba nimepoteza pete ya uchumba. Wakasaidia kutafuta. Mimi nikaona aibu kusema hakuna pete, nikaendelea kupapasa pamoja nao. Jioni yake nilivua kambale wangu wa kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya chambo, tazama mkono unaokishika. Mafuta ya taa, tumbaku, sabuni ya kunukia, vyote vinamfukuza samaki. Sabuni ya kufulia ni habari nyingine. Kambale wanaipenda, nami nimewavua wengi kwa vipande vya sabuni. Wanaipendea nini sijui, na Anjelo naye hakujua. Perege huwezi kumdanganya kwa sabuni. Huyo mvizie chini ya mkuyu wakati matunda yanaanguka majini, umtungie tunda lililoiva ndoanoni. Kumbikumbi wakitoka, weka kumbikumbi, wala usijifanye mjuzi kuliko msimu. Nyungunyungu ni wa kila siku, lakini wachimbe penye unyevu wenye kivuli, maana wa juani wanakuwa wembamba na wanakufa upesi ndoanoni.

Hivyo ni vyambo vya kuliwa. Chambo cha bandia ndicho kilichokuwa kazi hasa ya Anjelo. Aliokota makopo ya maziwa kwenye jalala la kambi, akayakata kwa umbo la jani la mkorosho, akayagonga juu ya gogo lililochimbwa hadi bati likapata tumbo. Tundu mbele, tundu nyuma, ndoano ya spoku ya baiskeli, na uzi mwekundu wa kanga iliyochakaa. Mengine aliyachonga kwa mti wa msufi kwa sababu ni mwepesi. Kisha alijaza maji kwenye karai na kuliburuta bati humo. Likizunguka kama pia ya watoto, alilitupa. Likienda limenyooka, alilitupa pia. Alitaka liyumbe, liende kama mtu aliyeonja gongo kidogo na bado anaikumbuka njia ya nyumbani.

Na hakuchagua bati akiwa nyumbani. Tulifika bwawani na mkoba umefungwa. Alichota maji kwa kiganja, akayatazama, ndipo akaufungua. Maji yakiwa safi hadi unauona mchanga, alichukua bati dogo lililofukizwa moshi, akalivuta polepole. Maji yakichafuka, alichukua kubwa linalong'aa, lililotobolewa ili liungurume chini kwa chini. Nilimwona akifanya hivyo kila siku, nikadhani ni mazoea ya uzee. Hakuwa mzee hata kidogo. Nilikuwa mvivu wa kuuliza tu.

Kulikuwa na Mzungu mmoja wa kambini, fundi wa matrekta, aliyekuja na sanduku la vyambo vya manyoya na rangi kama duka la shanga. Mrusho wa kwanza alinasa kofia yake mwenyewe. Wa pili akanasa mkuyu. Akamwonyesha Anjelo sanduku kwa ishara, achague yeye. Anjelo alichakura muda mrefu, akatoa kilichokuwa kibaya kuliko vyote, kilichobanduka rangi kwa uzee. Mzungu akacheka. Baada ya muda mfupi alikuwa anapiga kelele akivuta kambale, na kwa furaha akamvika Anjelo ile kofia iliyotoboka. Anjelo aliivaa hadi ikaoza kichwani.

Sasa makopo. Kibandani mwa Anjelo kulikuwa na makopo mawili ya mafuta ya kupaka kwenye bati na kwenye mti, maana kambale hufuata harufu kabla ya kufuata macho. Moja lilikuwa na mafuta ya ufuta. La pili lilikuwa na mafuta ya nguruwe pori. Msishtuke. Nguruwe hao walikuwa wanatumalizia mihogo, sisi wenyewe tukawategea mitego, wakinasa tunamwita Anjelo aje kuwaondoa kwa sababu hatukutaka kuwagusa. Aliwachoma akala, mafuta akayatia koponi.

Vyambo vya ufuta vilikuwa vya samaki wa Lionja, na alivitundika upande wa mashariki wa kibanda. Vyambo vya nguruwe vilikuwa vya samaki wa kambini, ambako walaji walikuwa Wazungu na Wakristo wenzake, na hivyo alivitundika magharibi. Mishipi nayo aliitenga. Akitaka kutoka kwenye kazi ya kambi kuingia ya kijiji, alijisugua mikono kwa majivu na mchanga, akaosha, akarudia. Hakuna aliyemsimamia, kibanda kilikuwa mbali na watu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, nikamwambia samaki mwenyewe hajui tofauti.

"Walinipa mahali pa kukaa," akanijibu. "Na hiki ndicho kitu pekee walichoniomba."

Mwaka wa tatu nikiwa naye, nilipeleka posa kwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, kwa binti yake Mwanahawa, ikapokelewa. Ndoa ingefungwa baada ya Maulidi. Mwalimu akaniita, akaniambia mbele ya wazee, "Samaki wa Maulidi mwaka huu utatuletea wewe, Saidi. Tuone mkono wa mkwe wetu." Wazee wakacheka na kunitania kwamba nikishindwa nitaozwa kambale. Niliondoka pale kichwa kimevimba.

Wiki ile Anjelo alishikwa na homa, akawa hawezi hata kukaa. Nikavua peke yangu. Jumanne, kwa bati dogo la moshi lenye mafuta ya ufuta, sikupata kitu. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi, siku ya mwisho, niliingia kibandani kuchukua vifaa. Anjelo alikuwa amelala amejifunika hadi kichwani, anatetemeka. Nikaenda upande wa magharibi, nikatungua bati kubwa la kambi, nikachukua na kopo lake.

Nataka mwelewe vizuri hapa. Sikukosea kopo. Hakukuwa na giza, wala haraka ya kunichanganya. Nilisimama nalo mkononi, nikajua ni lipi, nikaenda nalo.

Samaki walikula kama wenye wazimu. Kila mrusho kambale, hadi bega likauma. Walipokuwa wa kutosha karamu niliwatunga kwenye miti miwili, nikawabeba mbio kijijini, nikaliacha kopo na bati juu ya jiwe la kuvulia. Mwalimu alinishika mkono mbele ya watu. Watu walikula Maulidi ile, wakasoma, wakala tena, na mimi nilikula pamoja nao kwa sababu kutokula kungeulizwa.

Jumamosi Bi Asumini alikwenda kuchota maji, akalikuta kopo. Alilijua, kwa kuwa nguruwe wa mwisho alinaswa kwenye shamba la mumewe, na Anjelo alikuja kumwondoa akiwa na kopo hilo. Akaliona na bati limekauka utelezi wa kambale. Hakuwa mwanamke mbaya. Alifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya, kwamba mwenye kopo ndiye aliyevua, akalifunga kopo kwenye jani la mgomba ili asiliguse, akalipeleka kwa jumbe.

Alasiri tuliitwa wote barazani kwa jumbe. Anjelo alikuja akiegemea fimbo, homa bado haijamwachia. Hakuna aliyemuuliza kama anaumwa. Walidhani anatetemeka kwa hofu.

"Kopo hili unalijua?" jumbe akauliza.

"Nalijua."

"Umetulisha nguruwe siku ya Maulidi, Anjelo?"

Mwalimu akainua mkono. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo linaloniuma. "Jumbe, ngoja. Aliyekula bila kujua hana dhambi, watu watulie. Samaki aliwaleta Saidi, lakini mimi ninachotaka kujua ni nani aliyewavua."

Anjelo akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekusubiri upite mlangoni kwanza. Ningesema neno moja tu. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa mwalimu, baba wa Mwanahawa, na nikaanza kuhesabu miraba ya mkeka. Baraza zima likasubiri, na mimi nikahesabu.

"Kopo ni langu," Anjelo akasema mwishowe.

Wote wakalichukua hilo kuwa kukiri, na jumbe akampa hadi kesho yake awe ameondoka Lionja. Asubuhi nilikwenda nikamkuta anafunga mzigo: shoka, karai, mkoba wa vyambo. Nilianza kumsaidia, akanipokonya kamba kwa upole na kuifunga mwenyewe. Akasema anakwenda upande wa Ruangwa, amesikia Chinongwe kuna lambo lenye samaki. Akaniaga kwa jina langu, Saidi, na neno mpwa sikulisikia tena kinywani mwake.

Nilioa. Bwawa likabaki langu. Nikawa mvuvi mwenye sifa, mnayemjua ninyi. Karanga zikafa, matrekta yakauzwa, mishipi ya nailoni ikaja, kisha nyavu, na sasa naona watu wanakokota vyandarua vya mbu na kuzoa hata vifaranga vya perege. Nimeyaona yote hayo na kuyalalamikia. Lakini jioni wageni walipokuja kwangu, marehemu Mwanahawa alipenda kuwasimulia kisa cha Mmakonde aliyewalisha watu nguruwe kwenye Maulidi. Alikisimulia vizuri, na sauti ya jumbe aliiga hadi watu wakashika mbavu. Mimi nilichochea moto. Miaka yote ya ndoa yetu, kikifika kisa hicho, moto ulikuwa unahitaji kuchochewa.

Mara moja nilijaribu. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu aondoke. Nilitoka alfajiri kwa miguu kwenda Chinongwe, nikamkuta Anjelo kando ya lambo, amejenga, ana mke na watoto wawili wadogo, kifua kinamsumbua kuliko zamani. Alinikaribisha, akanipa maji na muhogo wa kuchoma. Nikamwambia kila kitu: kopo, bati la kambi, mwalimu, uoga wangu. Alisikiliza akichonga kipande cha msufi. Nilipomaliza, hakuuliza habari za baraza.

"Alhamisi ile maji yalikuwa na rangi gani?"

Ilinibidi nifikiri. "Yalikuwa mazito. Kama chai ya maziwa."

"Na Jumatano?"

"Safi. Mchanga ulikuwa unaonekana."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mvua ilikuwa imenyesha juu huko. Nto ulikuwa unaleta maji mapya. Siku kama ile, Saidi, weka bati kubwa linalong'aa lenye ufuta, au usipake chochote, watakula tu. Mafuta ya nguruwe hayakukusaidia kitu."

Nimeishi na maneno hayo miaka sitini. Ningeinama nikachota maji kiganjani kama nilivyomwona akifanya kila siku, ningeona, ningebadilisha bati, na yeye angezeekea Mbwemkuru.

Nikamuomba msamaha. Akasema amesamehe, tena zamani, na nikamwamini. Kisha akauliza, "Lionja walisemaje ulipowaambia?"

"Sijawaambia."

Aliweka kisu chini. Hapo ndipo nilipoiona hasira yake kwa mara ya kwanza, na haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Basi umetembea siku nzima kuja kunieleza jambo ninalolijua mimi," akasema. "Wasiolijua uliwaacha kwenu."

Nilirudi njia ile ile nikiapa kwamba nikifika nitakwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nilifika, Mwanahawa alikuwa mjamzito, nikasema ajifungue kwanza. Kisha mwalimu akaugua, nikasema nisimwongezee. Akafariki. Jumbe akafariki, Bi Asumini akafariki, Anjelo akafariki huko Chinongwe bila kukanyaga tena Lionja, na mwaka juzi nimemzika Mwanahawa. Kila mmoja wao alikuwa sababu ya kusubiri, na sasa sababu zimeisha.

Nisingeandika hata leo kama isingekuwa jambo nililolisikia wiki iliyopita. Vijana wetu wawili walirudi kutoka gulioni Ruangwa wakicheka, wakasema wamekutana na wale "wa nguruwe" wanauza samaki. Niliuliza ni nani hao. Wakaniambia ni wajukuu wa Mmakonde mmoja wa zamani, ndivyo wanavyoitwa huku kwetu, hata sababu hawaijui. Wanacheka tu, na wale wajukuu wameshazoea, wanaitika.

Wazee waliokuwa barazani siku ile hawapo, lakini wajukuu wao ni ninyi, na waliodanganywa sasa ni ninyi. Wajukuu wa Anjelo msiwaite hivyo tena. Waambieni, na muwaambie na wengine hapa kijijini, kwamba babu yao Alhamisi ile alikuwa amelala kibandani na homa, hakugusa mshipi. Samaki wa Maulidi niliwavua mimi, Saidi, nikijua ninachofanya, na barazani nilinyamaza.